Shahidi wa Neno

Marehemu baba alikuwa maalim wa chuo pale Pangani, na kabla sijajua neno moja la Kiingereza nilikwishajua kwamba maneno yana wapokezi. Hadithi ikisomwa barazani kwetu haikuanza na maneno yenyewe. Ilianza na majina: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka kwa sahaba aliyesikia kwa masikio yake. Sisi watoto majina yale yalituchosha, tulitaka kisa. Baba hakuturukisha hata moja. Majina ndiyo isnadi, alisema, na maneno yanayofuata ndiyo matini, na matini isiyo na isnadi ni barua iliyookotwa njiani: huenda ni ya kweli, lakini utamjibu nani?

Siku moja alitusimulia habari za mwanachuoni aliyesafiri siku nyingi kwenda kupokea hadithi kwa mtu mmoja mashuhuri. Alipofika alimkuta yule mtu yuko nje, farasi wake amemponyoka. Alikuwa ameshika upindo wa kanzu kama mtu aliyebeba shayiri, anamwita farasi aje ale, na ndani ya upindo hamna hata punje. Mwanachuoni hakuuliza kitu. Aligeuza njia akarudi kwao. Anayemdanganya mnyama, alisema baba, hapokelewi neno lake juu ya Mtume.

Kisa hiki nimekibeba zaidi ya miaka 60, na kilichonifanya nikitazame upya ni kamusi ya Kiingereza.

Nilifundisha Kiingereza katika shule za sekondari za mkoa wa Tanga kwa miaka 33. Mwalimu aliyenifundisha chuo cha ualimu, alipofungasha vitabu vyake kwenda kustaafu, aliniachia kamusi ya Samuel Johnson, ile iliyofupishwa, nakala iliyopigwa picha kutoka chapa ya zamani, yenye zile S ndefu zinazofanana na F. Siku ya kwanza nilikaa nayo ukumbini, na kilichonishangaza hakikuwa fasili za maneno. Yalikuwa majina. Kila maana inapokwisha, nukta, kisha jina peke yake: Shakespeare. Milton. Dryden. Hooker. Hakuna sentensi, hakuna kitabu, hakuna ukurasa. Nilikuwa kama niliyerudi barazani kwa baba.

Baadaye niliisoma kamusi kamili katika intaneti, kwenye simu ya mpwa wangu, ndipo nikaelewa. Johnson alitoa kamusi yake kubwa London tarehe 15 Aprili 1755: majuzuu mawili mazito, vidahizo zaidi ya 42,000, na chini yake sentensi zipatazo 114,000 zilizonukuliwa kutoka vitabu vya watu. Wenye uwezo wa kuinunua walikuwa wachache. Mwaka uliofuata, 1756, ikatolewa ndogo ya bei nafuu, na ili ipungue, sentensi zikaondolewa, majina ya waliozisema yakaachwa. Isnadi imebaki, matini imekwenda. Kitabu nilichoachiwa mimi kilikuwa orodha ya mashahidi walioitwa kizimbani, wakataja majina yao, wakaambiwa waketi.

Lakini kamusi inahitaji mashahidi kwa nini? Kamusi za kwanza za Kiingereza hazikuwa nao. Robert Cawdrey, mwalimu wa shule na mchungaji aliyenyang'anywa kanisa lake, alitoa yake mwaka 1604: maneno magumu kama 2,500 tu, na kila neno gumu limeelezwa kwa jepesi. Alisema wazi kwamba amewakusudia wanawake na watu wengine wasio na elimu. Maneno ambayo kila mtu anayajua hakuyagusa. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1721, Nathan Bailey alikusanya maneno yapatayo 40,000 pamoja na yale ya kila siku, na alipofika kwa wanyama wa nyumbani mara nyingine hakuona la kusema zaidi ya kwamba ni wanyama wanaojulikana sana.

Simlaumu Bailey. Mwaka wangu wa pili kazini, mtoto wa kidato cha kwanza alinyoosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, hili neno the maana yake nini?" Darasa zima lilinyamaza, maana kila mmoja alikuwa na swali hilo na hakuna aliyethubutu. Lugha yetu haina kitu hicho. Nilifungua kamusi ya shule, nikasoma fasili yake kimoyomoyo, nikaona kwamba ili mtoto aielewe itambidi awe anajua tayari kile anachouliza. Nikafunga kitabu. Nikaandika ubaoni sentensi tano, kisha kumi, kisha nikaufuta ubao nikaandika nyingine kumi. Baada ya wiki tatu alikuwa anaitumia vizuri, na hadi leo hakuna kati yetu anayeweza kumweleza mwenzake ni nini.

Johnson aliliungama jambo hili katika dibaji yake. Alisema kwamba ili kueleza neno unahitaji maneno mepesi kuliko lile unaloeleza, na maneno hayo hayapatikani kila mara. Yapo mambo yaliyo wazi mno hata hayaelezeki. Jua, kwake, ni ule mwanga unaofanya mchana. Ukilifikiria hilo unaona kwamba mchana nao utaelezwa kwa jua, na utazunguka humo bila kutoka. Roho akaieleza kuwa ni ile sehemu ya mtu isiyo mwili na isiyokufa. Kifo, kuzimika kwa uhai, roho kuuacha mwili. Nilipoisoma hiyo ya kifo nilikuwa nimetoka kumzika mama, na niliona kwamba Mkristo huyu wa London na wazee waliokuja kutuliwaza matangani walikuwa wanasema kitu kimoja, na kwamba hakuna kati yao aliyenieleza kifo ni nini. Walichofanya ni kunionyesha kwamba wengine wamelipitia neno hili kabla yangu.

Hiyo ndiyo kazi ya sentensi katika kamusi. Fasili inakuambia neno limesimama wapi. Sentensi inakuonyesha mtu akiwa nalo mdomoni.

Johnson aliianza kazi hiyo mwaka 1746, baada ya kufanya mkataba na wauza vitabu. Nyumba yake ilikuwa Gough Square, uwanja mdogo kandokando ya Fleet Street, na chumba cha juu kabisa chini ya paa ndicho kilichokuwa karakana ya maneno. Alisoma vitabu akiwa na kalamu ya risasi mkononi, akipiga mstari chini ya neno na kuonyesha pembeni sentensi inapoanzia na inapoishia. Wasaidizi sita, watano kati yao Waskoti, walizinakili sentensi hizo kwenye vipande vya karatasi. Waliomwazima vitabu walirudishiwa vimejaa alama. Mke wake alifariki mwaka 1752, kazi ikiwa katikati. Tarehe 3 Aprili mwaka uliofuata, alipoanza juzuu ya pili, aliandika dua akimwomba Mungu amwezeshe kumaliza. Baba yangu hakuwahi kukata kalamu ya mwanzi bila bismillahi, na nilipoijua habari ya dua hiyo nilimpenda Johnson kama mtu wa nyumbani.

Nikampenda zaidi nilipojua namna alivyowachagua mashahidi wake. Hakumpokea kila aliyeandika. Mwanafalsafa Thomas Hobbes, mmoja wa waandishi mahiri wa Kiingereza wa karne ya kabla yake, alimwacha nje kwa makusudi, na inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alitoa sababu: hakuipenda misingi ya mtu huyo. Hobbes alishukiwa kuwa hamwamini Mungu. Johnson alitaka anayekwenda kutafuta maana ya neno akutane njiani na Biblia, na Hooker, na mashairi, na hekima, arudi na zaidi ya alichokifuata. Huyu, nilisema, ni mwanachuoni wa farasi na shayiri. Amefika mlangoni kwa Hobbes, ametazama, amegeuza njia.

Nami nilifanya hivyo darasani. Kulikuwa na kitabu kimoja cha mazoezi ambacho kilifundisha neno la uvivu kwa sentensi inayosema kwamba mtumishi wangu ni mvivu. Watoto 45 waliisoma kwa zamu. Zamu ikamfikia msichana mmoja ambaye kabla ya kupata mfadhili wa shule alikuwa mfanyakazi wa ndani mjini Tanga kwa miaka miwili. Alisimama, akaitazama sentensi, hakufungua kinywa. Nilidhani hajui kusoma neno. Nilimsaidia neno la kwanza, la pili, ndipo nikaona machozi. Tangu siku hiyo nilikuwa naandika sentensi zangu mwenyewe usiku kwenye daftari, nikizipima moja moja: nani anasema, nani anasemwa, mtoto gani ataisoma akiwa amesimama. Anayeandika sentensi ya mfano anampa mtoto neno na nyumba ambamo neno hilo linaishi, na mtoto hawezi kulichukua neno akaiacha nyumba.

Kwa hiyo nilikuwa upande wa Johnson, na kwa sehemu niko huko bado. Lakini mwenyewe aliungama jambo jingine katika dibaji ileile: kwamba katika kuzikata sentensi zitoshe ukurasani, nyingine zilipoteza mwelekeo, hata ikawezekana mwanadini akaonekana ameacha imani yake na mwanafalsafa mfumo wake. Mchaji Mungu amesimamishwa kizimbani, na nusu ya aliyoyasema imekatwa. Uadilifu wa shahidi haukumkinga na mkasi.

Na huko huko Uingereza, aliyeufungua mlango ambao Johnson aliufunga alikuwa kasisi. Mwaka 1857, Richard Chenevix Trench, mkuu wa kanisa la Westminster, alisimama mbele ya Chama cha Filolojia cha London akasema kwamba kamusi ni daftari la mali yote iliyomo katika lugha, na mtunga kamusi ni mwanahistoria, si hakimu. Mazuri na mabaya yote yaingie. Kutokana na wito huo ilizaliwa kamusi kubwa ya Oxford, iliyohaririwa tangu mwaka 1879 na James Murray, mwalimu wa shule na mtu wa dini. Wasomaji wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walimpelekea vipande vya karatasi: neno juu, kisha mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa, na sentensi yenyewe nzima. Isnadi na matini pamoja. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884, ya mwisho mwaka 1928, maneno zaidi ya 400,000 na sentensi zipatazo 1,800,000.

Mmoja wa wapelekaji bora kuliko wote alikuwa William Chester Minor, daktari wa jeshi la Marekani, mgonjwa wa akili, aliyempiga risasi na kumuua mtu asiye na hatia barabarani London mwaka 1872, akafungiwa katika hospitali ya Broadmoor. Kutoka chumba chake, kilichojaa vitabu, alipeleka maelfu ya vipande, vimeandikwa kwa uangalifu kuliko vya watu huru. Mkono uliomwaga damu ndio uliopokea na kufikisha. Baba angesemaje? Nimejiuliza sana.

Nadhani angetofautisha. Hadithi ni neno la mmoja, na anayeongeza lake humo amemzulia Mtume. Ndiyo maana mpokezi apimwe hata kwa farasi wake. Neno la lugha lina mwenyewe mwingine. Mwongo akitaka kudanganya, hana budi kutumia maneno kama wanavyoyatumia wakweli, la sivyo hakuna atakayedanganyika. Yule mtu nje ya nyumba yake aliushika upindo wa kanzu vilevile unavyoshikwa ukiwa na shayiri. Alimdanganya farasi, lakini aliyetaka kujua namna shayiri inavyobebwa nguoni angeweza kujifunza pale pale. Hobbes, hata kama alikosea juu ya Mungu, hakukosea Kiingereza. Mwanachuoni alikuwa sahihi kugeuza njia. Johnson, naona sasa, hakuwa na haja.

Linalonikera zaidi ni jingine. Mwaka uleule wa msiba, 1752, aliletwa nyumbani kwa Johnson mtoto wa miaka kama kumi, Francis Barber, aliyezaliwa mtumwa katika shamba la miwa Jamaika. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alikaa katika nyumba ambamo kamusi ilikuwa inaandikwa, miaka mitatu kabla haijatoka. Johnson alimsomesha, akauchukia utumwa kwa dhati, aliwahi hata kunyanyua bilauri mbele ya wasomi wa Oxford kuwatakia heri watakaoasi katika visiwa vile. Na alipofariki mwaka 1784 alimfanya Barber mrithi wake mkuu. Simwoni kuwa mtu mbaya. Lakini katika kamusi neno la mtumwa limeelezwa kuwa ni aliye chini ya bwana, asiye huru, mtegemezi, na mashahidi ni waandishi wa vitabu. Mtoto aliyekuwa akipanda na kushuka ngazi za nyumba ileile alilijua neno hilo kwa ngozi yake. Haikuwa desturi kumuuliza.

Na Oxford je, waliwapokea wote? Herufi ya B ilipochapishwa, neno moja lilikosekana. Vipande vyake vilikuwa vimepotea miongoni mwa mamilioni ya karatasi, hakuna aliyegundua mpaka muda umepita. Neno lenyewe ni bondmaid, limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Waraka kwa Wagalatia, pale Paulo anapomtaja Hajiri. Lilingoja nyongeza ya mwaka 1933. Kwa Kiswahili ni mjakazi.

Katika Pangani niliyokulia, mjakazi halikuwa neno la kutajwa. Mji wetu ulikuwa bandari ya watumwa, kila mtu anajua, na ndiyo sababu hakuna anayeuliza. Wajerumani walitawala wakaondoka bila kuufuta utumwa. Sheria ya kuukomesha Tanganyika nzima ilitoka mwaka 1922 chini ya Waingereza. Mama yake bibi yangu aliletwa kutoka bara akiwa mtoto. Nililijua hilo nikiwa na miaka 28, bibi akiwa amelala kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, akanishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu. Nilimuuliza, kwa ujinga wa mwalimu kijana, mjakazi alikuwa nani hasa. Akanijibu kwa maneno ya mama yake: "Mjakazi ni yule anayeitwa na kila mtu nyumbani, hata mtoto anamwita kwa jina."

Anayejua desturi zetu ataelewa uzito wake. Mtu mzima kwetu haitwi kwa jina tupu na mtoto. Ni Bi fulani, Mama fulani, Shangazi, Bibi. Mtoto akimwita mtu mzima kwa jina lake kavu anapigwa kofi. Mjakazi ndiye pekee ambaye kofi hilo halikuwahi kupigwa kwa ajili yake.

Nimetafuta fasili hiyo katika kila kamusi niliyoweza kuifikia. Kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilitoka London mwaka 1882, muda mfupi baada ya kifo chake, na ina hazina ya sentensi za watu wa pwani: za kupika, za kusafiri, za kugombana. Naisoma nikisikia sauti za watu. Nyingi za sauti hizo hazina jina. Mtu alimwambia Krapf sentensi, Krapf akaiandika, mtu akaondoka. Ni kinyume cha kitabu changu cha Johnson: hapa matini imebaki, isnadi imekwenda. Nilijua jinsi baba angekiita kitabu cha namna hiyo, na hata hivyo sikuweza kukiweka chini.

Mwaka jana kijana mmoja anayekusanya maneno ya Kimtang'ata na lahaja jirani alikuja nyumbani na fomu zake. Zimepangwa karibu sawa na vile vipande vya Murray: neno, sentensi, mahali, mwaka, jina la msemaji. Alikunywa chai, akaandika maneno yangu ya uvuvi na ya mapishi, akaniachia fomu kumi nijaze mwenyewe. Tisa nilizijaza siku ileile.

Ya kumi niliandika neno mjakazi. Nikaandika sentensi ya bibi kama alivyoisema, bila kuikata. Mahali nikaandika Pangani. Nikafika kwenye jina la msemaji, nikasimama. Jina alilozaliwa nalo halijulikani. Bibi mwenyewe hakulijua. Jina tulilo nalo alipewa na waliomnunua, ni jina la kitu kizuri, kama walivyopenda kuwapa, na ndilo hasa ambalo kila mtoto wa nyumba ile alimwitia. Nikiacha nafasi wazi, atakuwa mmoja wa sauti za Krapf. Nikiliandika jina lile kavu, mimi kitukuu chake, nitakuwa nimemwita kama walivyomwita.

Fomu ilikaa mezani wiki nzima, chini ya kikombe. Ijumaa, baada ya swala, nilichukua kalamu nikaandika kwenye nafasi ya jina: Bibi, mama yake bibi yangu mzaa mama.

Kijana alinipigia simu baadaye kuuliza kama hilo ndilo jina. Nikamwambia ndilo, aliandike hivyohivyo.